Gunia la Sikio Moja

Koplo Abdimajid alikuwa ameshakunjua kisu chake wakati Inspekta Gesare alipomshika mkono.

"Usikate."

"Madam, ni uzi tu."

"Najua ni uzi. Ukiukata tutabaki na vipande, na vipande haviniambii kitu. Weka kisu."

Abdimajid alikikunja kisu, akakitia mfukoni, akasogea kando kama mtu aliyenyimwa nyama harusini. Walikuwa katika stoo ya vielelezo ya kituo cha polisi, Nyamira, chumba kirefu chenye dirisha moja na baiskeli nyingi zenye kutu ambazo hakuna aliyekumbuka ni za kesi gani. Mbele yao magunia kumi na moja ya katani yaliegemezwa ukutani. Manne yalikuwa wazi. Hayo yalipasuliwa Kisii mjini, kwenye kinu cha kahawa, siku makarani walipotaka kuangalia kahawa wakakuta maganda na udongo. Saba yalikuwa bado yameshonwa.

Magunia hayo yalitoka katika kiwanda cha chama cha wakulima, bondeni chini ya Kebirigo, yakapakiwa kwenye lori moja na magunia mengine ya kahawa safi. Wakulima walitaka kujua jasho lao limekwenda wapi, na jibu lilipatikana haraka kabla hata Gesare hajapewa faili. Mlinzi wa usiku, Mzee Omosa, ndiye aliyewaingiza wezi stoo. Wakafungua magunia, wakamimina kahawa, wakajaza taka, wakashona upya. Ndivyo alivyoeleza meneja wa kiwanda, Josiah, na maelezo yake yalikuwa yamepigwa chapa vizuri. Omosa alikuwa seli kwa amri ya korti, na Jumatatu angesomewa mashtaka. Leo ilikuwa Ijumaa.

Gesare alikuwa ameomba mzee aletwe ashuhudie magunia yakifunguliwa. Omosa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vyake havina kamba, akitazama magunia kama mtu anayetazama wageni wasioaga.

"Mzee, unayajua haya?"

"Gunia zote zinafanana, Madam. Mimi nilikuwa nalinda mlango. Ndani sijawahi ingia hata siku moja. Ufunguo ni ya Josiah."

"Usiku wa wizi hukusikia kitu?"

"Usiku sikusikia. Lakini Jumapili moja mchana nilikuwa bado kwa zamu, lori ilikuja, Josiah akaniambia niende nipumzike, yeye yuko. Nikaenda. Mtu mkubwa akikuambia upumzike, utakataa?"

Abdimajid aliandika hilo. Gesare alichuchumaa mbele ya gunia la kwanza. Alitafuta fundo la mwisho kwa kidole gumba, upande wa kulia, akalipata limejificha chini ya mkunjo. Akalilowesha kwa mate, jambo lililomfanya Abdimajid aangalie dari, akalichokonoa kwa ncha ya ufunguo mpaka likalegea. Kisha akauvuta uzi polepole, tundu baada ya tundu. Ulitoka mzima, umejikunja kama nywele zilizofumuliwa leo.

Alikuwa hajafungua gunia hivi tangu ajiunge na polisi, na mikono haikumuuliza swali. Harufu ya katani ilipanda, kavu na yenye vumbi, na kwa muda Inspekta hakuwa Nyamira. Alikuwa sokoni Kebirigo kando ya mama yake, aliyekuwa akiwashonea watu magunia ya mahindi na wimbi. Mama hakuwa akikata uzi. Uzi uliotoka kwenye gunia ulizungushwa vidoleni ukawa kibumba, ukangoja kazi nyingine: kumfunga kuku mguu, kuushikilia mgomba uliolemewa na mkungu, kushonea gunia la mwaka ujao. Mtoto aliyekata uzi kwa kisu aliitwa mtoto wa tajiri, na nyumbani kwao hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Gesare angetoa mshahara wa mwezi kuitwa hivyo tena na sauti ile.

"Sisi tulikuwa tunashindana," Abdimajid alisema ghafla. Alikuwa amezaliwa Kisii mjini, nyuma ya duka la baba yake. "Magunia ya sukari, yale ya mashine. Ukijua uzi wa kuvuta, unavuta mara moja tu, trrr, mshono wote unaachia. Ukikosea, unajifunga, na mzee anakuangalia tu bila kusema kitu. Dada yangu Deka hakuwa anakosea. Akishinda, analamba ile sukari imeshika kwa uzi. Walahi, hata leo nikisikia ile sauti nasikia njaa."

"Sasa kisu kilikuwa cha nini?"

"Hii si ya mashine, Madam. Hii ni ya nyinyi watu wa milima."

Omosa alicheka. Alicheka kidogo tu, kisha akajiziba mdomo, kana kwamba amekumbuka aliko.

Walimimina gunia kwenye karatasi ya nailoni. Maganda makavu ya kahawa, udongo mwekundu, vijiti. Gesare aliligeuza gunia ndani nje na kuzipekua kona zake za chini kwa kucha. Kisha akamwambia Abdimajid alete gunia jingine, tupu, waliloliomba kinuni. Hilo lilikuwa mojawapo ya yale yaliyofika na kahawa halisi. Akaligeuza nalo.

"Angalia kona."

Kwenye gunia la kinuni punje kadhaa za kahawa zilikuwa zimenasa katikati ya nyuzi za katani, zimekaa pale kama kupe. Kwenye gunia la maganda hapakuwa na hata moja.

"Gunia likibeba kahawa, kahawa haiishi yote," Gesare alisema. "Zingine lazima zikwame. Hili halijawahi kubeba kahawa. Sasa angalia mdomo."

Abdimajid aliuinua mdomo wa gunia kwenye mwanga wa dirisha. "Safu moja ya matundu."

"Lingefumuliwa na kushonwa upya tungeona mbili, au tungeona matundu yamepanuka. Hakuna aliyefungua gunia lolote. Haya yalishonwa yakiwa na taka tangu mwanzo, na kahawa ikaondoka ndani ya magunia yake yenyewe, mlango ukiwa umefunguliwa kwa ufunguo."

Omosa alisimama. "Kwa hivyo naenda nyumbani?"

"Bado, Mzee." Gesare hakupenda kumtazama machoni. "Hii inaonyesha kwamba hukufungua gunia. Josiah atasema basi uliyaleta yakiwa yameshonwa. Nahitaji mtu aliyeyashona aniambie nani alimtuma. Nikimpata huyo, unatoka."

"Na usipompata?"

"Jumatatu utasimama mbele ya hakimu."

Mzee aliketi tena juu ya ndoo. Gesare aliendelea na gunia la pili, la tatu, la nne. Kote mambo yalikuwa yale yale. Alipofika la tano ndipo mkono wake ulipokwama, si kwa fundo.

Gunia linaloshonwa kwa mkono huwa na masikio. Mshonaji huikunja kona ya juu, akaizungushia uzi, ikawa kishikio cha mbebaji, kimoja kulia na kimoja kushoto. Haya yalikuwa na sikio la kulia tu. Kona ya kushoto ilishonwa bapa, ikafungwa kwa fundo la mizunguko mitatu lililoelekea ndani. Alirudi kwenye manne ya kwanza, akayakagua, akayakagua na yale yaliyopasuliwa. Kumi na moja, yote sikio moja. Gunia la kinuni lilikuwa na alama za masikio mawili.

Makarani wangedhani sikio limeng'oka njiani. Wabebaji wangelaani na kubeba. Lakini mama yake Gesare alikuwa na desturi yake, ya kwake mwenyewe, hakuna mwanamke mwingine sokoni aliyeifuata. Gunia la kuuza alilipa masikio mawili. Gunia la kubaki nyumbani alilipa moja, ili hata giza likiingia, hata baba akija na kiu yake ya busaa na mnunuzi wake nyuma, mkono wowote wa nyumba ile ujue kwamba hilo haliuzwi. Alifundisha wasichana wawili tu kulishona. Mmoja alikuwa Gesare. Mwingine alikuwa Bochaberi, binti wa jirani, aliyelala kitanda kimoja naye miaka yote ya shule ya msingi. Gesare alikwenda sekondari Sironga, kisha chuo cha polisi. Bochaberi alibaki na sindano. Sasa alikuwa mmoja wa akina mama wanaoshonea magunia kiwandani kwa Josiah.

"Kuna kitu, Madam?" Abdimajid aliuliza.

"Hakuna," Gesare alisema. "Twende kiwandani."

*

Josiah aliwapokea kwa soda na biskuti. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Kiwandani kazi zilikuwa zikiisha mapema, kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa Msabato na jua la Ijumaa halimngojei mtu. Wanawake walikuwa wakifunika meza za kuanikia. Gesare alitupa macho upande wa stoo, Bochaberi hakuwepo.

"Pole kwa kazi, Inspekta. Huyu mzee ametuaibisha. Wakulima wamechemka, mimi nimejaribu kuwatuliza lakini wapi. Juzi wamechoma nyumba yake."

"Alikuwa na mke ndani."

"Mama alikimbilia kwa ndugu zake Nyamarambe. Mungu alisaidia."

Alisema hivyo akifungua soda nyingine. Gesare aliweka mezani mfuko wa plastiki wenye sindano.

"Hii ndiyo ulitupatia kama ushahidi?"

"Ndiyo yenyewe. Ilikuwa kibandani kwake, chini ya godoro. Sindano ya gunia. Mlinzi anataka sindano ya gunia ya nini?"

Gesare alitoa mfukoni uzi aliouvua asubuhi ile, akamsukumia pamoja na sindano. "Tunga."

Josiah alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. Alijaribu. Akalowesha uzi, akausokota, akajaribu tena. Tundu lilikuwa dogo mno. Abdimajid alikunywa soda yake akiangalia kwa makini, kama mtu anayetazama mpira.

"Omosa anasema anashonea koti lake la mvua kwa uzi wa nailoni," Gesare alisema. "Uzi wa katani hauingii hapo hata ukiomba."

"Labda alikuwa na nyingine."

"Labda. Stoo ina funguo ngapi?"

"Moja. Ninayo mimi. Lakini siku hizi mtu anaweza kutengeneza ufunguo."

"Maganda ya kahawa mnayapeleka wapi?"

Swali hilo lilimfikia pabaya. Hakushtuka, ila chupa ilisimama njiani kwenda mdomoni. "Tunarundika nyuma. Wakulima wanachukua samadi."

"Kwa magunia?"

"Kwa toroli. Kwa mikono. Samadi haishonwi kwa gunia, Inspekta. Nani ataharibu gunia kwa takataka?"

"Kwa hivyo hakuna mshonaji hapa aliyewahi kushona gunia la samadi. Wala hukuwahi kumwagiza yeyote."

"Kamwe. Na hao akina mama usijisumbue nao. Wanashona kile wanachopewa, hawajui chochote."

"Andika hivyo hivyo, Koplo," Gesare alisema. "Kamwe."

Josiah aliwasindikiza mpaka garini. Aliwatakia Sabato njema, akakumbuka Abdimajid ni Mwislamu, akaomba radhi mara mbili. Abdimajid alimwambia asijali, kwamba yeye Ijumaa yake ilikuwa imeshapita saa saba mchana, na imekwenda vizuri.

*

Gari lilipanda kutoka bondeni. Pande zote mbili za barabara majani chai yalikuwa yamechumwa yakaachwa sawasawa, na juu yake migomba. Abdimajid aliendesha bila haraka.

"Ameongopa," alisema. "Lakini bado ni neno lake. Tunamtafuta vipi aliyeshona?"

 Gesare alijua kwamba katika gari lile, katika kituo kizima, katika dunia, hakuna mtu mwingine aliye hai ambaye angeweza kuliangalia sikio lile na kutaja jina. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza. Faili lingekwenda kortini na sindano isiyotungika, wakili akipatikana Omosa angejitetea, na Bochaberi angeendelea kushona. Alimpenda Bochaberi. Hakuwa amemtembelea tangu mazishi ya mama, lakini alimpenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyozaliwa ambayo hajui tena paa lake likoje. Kisha akamkumbuka mzee akiketi tena juu ya ndoo.

"Pinda kulia pale kwa kanisa," alisema. "Namjua."

Abdimajid alimtazama kidogo. "Tangu lini?"

"Tangu stooni. Uliniuliza nikakwambia hakuna kitu. Kilikuwepo."

Akamweleza yote: mama, masikio mawili, sikio moja, wasichana wawili. Abdimajid alisikiliza mpaka mwisho.

"Angekuwa Deka," alisema, "sijui kama ningepinda kulia."

Akapinda.

*

Bochaberi alikuwa uani, akimalizia maandalizi ya Sabato. Alikuwa mjane, watoto wake wote wako Nairobi, na boma lilikuwa safi kama bakuli. Jikoni sufuria zilipangwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba, mitungi imejaa maji, na gauni la kanisani lilining'inia kwenye mlango wa nyumba. Jua lilikuwa limebakisha mkono mmoja juu ya kilima. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Alifuta mikono kwenye leso.

"Bwakire, Gesare."

"Bwakire buya, Bochaberi."

"Umekonda. Hawakupi chakula huko Nyamira?"

"Wananipa karatasi."

Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha zamani, kinachoanzia puani. Alileta viti. Alimtazama Abdimajid aliyekuwa na kalamu mkononi, kisha akatazama viatu vya Gesare, kisha akaketi mwenyewe juu ya kinu kilicholazwa. Gesare aliweka chini mbele yake kibumba cha uzi na kona ya gunia yenye sikio.

Bochaberi aliuokota uzi, akaunyoosha kati ya vidole. "Hujakata," alisema.

"Nani alishona?"

"Unaniuliza nini na unajua? Ungekuwa hujui, ungekuja na sukari kama mgeni."

"Nataka uniambie kwa mdomo wako. Koplo anaandika."

Bochaberi alimtazama koplo, akajifunga leso upya. "Nilishona mimi. Zote kumi na moja. Josiah aliniita peke yangu, akasema ni samadi, ya migomba yake kule Sironga. Akasema yeye hapendi samadi imwagike kwa gari. Nikashona. Samadi si kitu cha kuuza, nikaweka sikio moja, ndiyo vijana wa kubeba wasichanganye na kahawa."

"Wao hawajui maana ya sikio moja."

"Najua hawajui."

"Basi ulimwekea nani?"

Bochaberi aliuzungusha uzi vidoleni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukawa kibumba tena. "Mama," alisema. "Kila gunia namshonea yeye. Nikikunja vibaya nasikia anasonya nyuma yangu. Wewe humsikii?"

"Leo asubuhi nimemsikia."

  Gesare akauliza swali alilokuwa ameogopa tangu stooni.

"Uliposikia Omosa ameshikwa kwa magunia yale, ulijua ni yepi?"

"Nilijua siku hiyo hiyo. Walisema maganda na udongo, nikajua."

"Ukanyamaza."

"Josiah alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa. Hakunitisha. Aliniuliza tu, kama mtu anauliza habari ya ng'ombe: Mama, mshono ule ni wa nani? Nikasema ni wangu. Akasema, sasa wewe fikiria, polisi wakijua mshono ni wako, watasema ni nani ameficha wizi? Akaniombea, akaenda." Alitazama mikono yake. "Niliogopa, Gesare. Mimi sikusoma kama wewe. Nikisimama kwa korti nitasema nini? Na nikaona hakuna mtu atajua. Mtu wa kujua ni wewe, na wewe huji."

Gesare alikubali hilo bila kujitetea.

Abdimajid alikohoa, akaonyesha kilima kwa kidevu. Jua lilikuwa limegusa miti. Bochaberi aliliona pia, akainuka haraka.

"Sabato inaingia. Wewe unajua, mimi sifanyi kazi ya dunia Sabato, na kuandikisha ni kazi. Njoo Jumapili asubuhi. Nitasema yote, nitaweka kidole mahali unataka."

"Jumapili Josiah atakuwa ameshakaa kwenye kiti hiki tena. Au atakuwa ametoroka. Jumatatu Omosa yuko kortini."

"Jumapili asubuhi, Gesare. Mapema."

"Nyumba yake imechomwa."

Bochaberi hakugeuka. Kutoka uani kwake ng'ambo ya bonde ilionekana yote: mashamba, mabati, vijia vyekundu. Mahali pamoja palikuwa na doa jeusi kati ya migomba.

"Niliona moshi," alisema. "Mtoto wa jirani aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni watu wanachoma makaa."

Kulikuwa na sauti ya wimbo kutoka kwa jirani. Familia ilikuwa imekusanyika kuipokea Sabato.  Gesare alikuwa amehoji wezi na wauaji, na alijua pale ambapo mpelelezi anapaswa kusukuma. Hakuweza kusukuma. Alimwachia aamue mwenyewe.

Jua lilianza kuzama. Bochaberi alisimama akalitazama mpaka likaisha kabisa, kisha akaingia ndani. Abdimajid aliinuka nusu, Gesare akamwashiria aketi. Alipotoka alikuwa amevaa lile gauni la kanisani, na kitambaa cheupe kichwani.

"Twende niandikishe," alisema.

"Sabato imeingia."

"Imeingia. Na kule seli kwa Omosa imeingia pia. Yeye si Msabato?"

Abdimajid alikwenda pembeni na simu. Sauti yake ilisikika ikiagiza kituo watume watu kwa Josiah, usiku huu, kabla hajafunga mizigo. Bochaberi alizunguka boma lake akifunga mlango wa kuku, akasukuma kuni zilizobaki mbali na jiko.

"Nitalala huko?" aliuliza.

Gesare alitamani kumdanganya. "Utalala. Mpaka Josiah apatikane, na mpaka mkubwa wangu aamue kama wewe ni shahidi au ni mshtakiwa. Sitakuwa mimi wa kuamua. Nitamwambia tulilala kitanda kimoja, naye atampa mtu mwingine faili."

"Ni vizuri. Na Omosa?"

"Nikishaandika maneno yako atatoka kwa bondi. Leo."

"Ataenda wapi?"

Gesare hakuwa amelifikiria hilo. Alifikiria mlango wa seli tu, ukifunguka. Mke wa mzee alikuwa Nyamarambe, mbali, na gari za kwenda huko zilikuwa zimekwisha. Alianza kusema kwamba kituo kingempatia blanketi, akaacha katikati.

Bochaberi alifunga mlango wa nyumba yake, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akatoa ufunguo na kuuweka mkononi mwa Gesare.

"Chakula kipo, nimepika cha kutosha. Maji yapo. Shuka nimebadilisha leo," alisema. "Lakini usimpe Omosa ufunguo kwanza. Mwambie kwanza nilijua nikanyamaza, na moshi wake niliuona. Akishasikia, ndiyo umpe. Asipoutaka, ni haki yake."

Kisha akateremka uani, akafungua mwenyewe mlango wa nyuma wa gari, akapanda.